Ukiachwa una fungu, ukifiwa huna: mali ya mke katika sheria za Tanzania

Chukua mwanamke wa kufikirika. Ameolewa kimila mkoani Shinyanga, amekaa na mumewe miaka ishirini, wamejenga nyumba mjini na wana shamba la pamba kijijini. Hati ya kiwanja ina jina la mume peke yake. Mwanamke huyu akienda mahakamani kudai talaka na akaipata, hakimu atauliza nani alichangia nini katika mali ile, na kupika, kulea na kulima vyote vitahesabiwa. Ataondoka na fungu lake. Lakini ndoa hiyo hiyo ikidumu kwa amani mpaka mume afariki, na shemeji zake wakaishikilia sheria ya mila kama ilivyoandikwa, hana fungu. Atatunzwa na watoto wake. Mali ni ya watoto na ya ukoo.

Yaani sheria ya Tanzania Bara humwangalia kwa jicho la huruma zaidi mke aliyegombana na mumewe kuliko yule aliyemuuguza mpaka akamzika. Hakuna bunge lililowahi kukaa na kuamua hivyo. Ni matokeo ya sheria kadhaa zilizozaliwa nyakati tofauti, kwa sababu tofauti, baadhi yake mbali kabisa na Afrika Mashariki, ambazo zote zimekuja kumkuta mwanamke mmoja. Ndiyo maana swali "mwanamke ana haki ya mali au hana?" halina jibu. Inabidi kwanza uulize: yuko ndani ya ndoa, ametoka kwa talaka, au amefiwa? Na akifiwa, marehemu alikuwa mtu wa mila, wa dini gani, na familia ilikwenda mahakama ipi?

Zilikotoka sheria hizi

Tuanzie pwani, maana huko ndiko maandishi ya mahakama yalikoanza mapema. Mwanamke huru wa Mombasa, Lamu au Unguja katikati ya karne ya 19 alikuwa na jambo ambalo mke wa London hakuwa nalo. Kwa sheria ya Kiislamu ndoa haigusi mali ya mke. Mahari ni yake, si ya baba yake. Nyumba aliyoirithi ni yake. Anaweza kuiuza, kuipangisha au kuiweka wakfu bila kumwomba mume ruhusa, na kadhi akiletewa shauri humsikiliza kama mwenye mali. Wakati huo huo mwanamke wa Kiingereza alipoolewa, utu wake wa kisheria ulimezwa na wa mumewe: ujira wake na vitu alivyoingia navyo vilikuwa vya mume. Ilibidi bunge la kwao lipitishe sheria ya 1870, kisha ile nzito zaidi ya 1882, ndipo mke aliyeolewa aweze kumiliki kwa jina lake. Nalitaja hili kwa sababu tumezoea kusimuliwa kwamba haki za mwanamke zilishuka bandarini pamoja na Mzungu.

Nimesema mwanamke huru, na neno hilo lina uzito. Amri ya 1897 iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Zanzibar iliwaacha nje masuria, kwa hoja kwamba wao ni watu wa nyumbani. Wakangoja mpaka 1909. Pwani ya wanawake wenye nyumba na wakfu ilikuwa pia pwani ya wanawake waliomilikiwa.

Bara mambo yalikuwa mengine. Mila haikuandikwa. Iliamuliwa na wazee waliokuwa wanafahamu wenye shauri kwa majina na kwa koo zao, na ilibadilika kadiri watu walivyohama, walivyopanda mazao mapya au walivyozidi kubanana kwenye ardhi. Waingereza walipoichukua Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, waliamua kuwa sheria ya Kiingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920 itatumika, ila Waafrika wataendelea kuhukumiwa kwa mila zao. Sasa, ili hakimu aweze kuitumia mila, ni lazima aijue. Na ili aijue, mtu lazima aiandike. Waliokwenda kuandika walikaa na machifu na wazee wanaume. Aliyefanya kazi kubwa kuliko wote ni Hans Cory, Mwaustria aliyeajiriwa na serikali ya kikoloni, aliyeandika mila za Wahaya na za Wasukuma kwa undani wa ajabu. Lakini walioulizwa mwanamke anarithi nini walikuwa zaidi wale ambao wangekosa kitu kama angerithi.

Baada ya uhuru serikali ilitaka kuyaunganisha makabila chini ya sheria moja ya mila, badala ya kila wilaya na yake. Nia ilikuwa ya kitaifa na ya kueleweka. Mwaka 1963 zikatoka kanuni katika Gazeti la Serikali: Tangazo Na. 279 kuhusu ndoa, mahari na hadhi ya watu, na Tangazo Na. 436 kuhusu urithi. Kanuni hizo ziliandikwa kwa ajili ya jamii zinazofuata ukoo wa baba. Waluguru na wengine wanaofuata ukoo wa mama, ambako mwanamke hupata ardhi kupitia kwa mama yake, hawakuhusika. (Huko nako mjane ana kilio chake, kwa sababu mali ya mume huelekea kwa watoto wa dada zake, lakini hiyo ni habari nyingine.)

Tangazo Na. 436 limewapanga warithi kwa madaraja. Daraja la kwanza ni mtoto wa kiume wa kwanza wa nyumba kubwa, yaani ya mke mkubwa. La pili ni watoto wengine wa kiume. La tatu ni mabinti, hata kama binti ndiye mkubwa kuliko wote. Binti anaweza kupewa ardhi ya ukoo aitumie maisha yake yote, ila hawezi kuiuza. Ikiwa hakuna mwanamume yeyote wa ukoo, hapo anaweza kuimiliki moja kwa moja. Na mjane? Kanuni ya 27 inasema hana fungu ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto, kama yeye alivyowatunza.

Mtu akikuambia leo kwamba mjane harithi kwa sababu mababu walisema hivyo, mwulize anamaanisha mababu gani. Mahakamani anachokitaja ni tangazo la serikali la miaka ya sitini. Mila inayoishi imekuwa ikisogea tangu hapo. Kuna wazee wengi tu wanaomwachia mjane shamba bila ugomvi, na baba wanaowagawia mabinti viwanja wakiwa hai. Maandishi yamebaki palepale.

1971: nusu ya kazi

Mwaka 1967 Kenya iliunda tume mbili, moja ya kuchunguza sheria za urithi na nyingine ya sheria za ndoa na talaka, hii ya pili ikiongozwa na Jaji Spry. Tume zilitoa mapendekezo mazito. Kenya ikaipokea ya urithi na kutunga Sheria ya Urithi ya 1972, ambayo hata hivyo ilianza kutumika 1981. Muswada wa ndoa ukagonga mwamba bungeni Nairobi mwaka 1976, ukagonga tena 1979; miongoni mwa malalamiko ya wabunge ni kwamba ungefanya kumpiga mke kuwa kosa. Wakenya walisubiri Sheria ya Ndoa yao mpaka 2014.

Tanzania ilifanya kinyume chake. Serikali iliyachukua mawazo ya tume ile ya ndoa ya jirani, ikayaweka katika Waraka Na. 1 wa 1969 ili watu wayajadili, kisha ikatunga Sheria ya Ndoa Na. 5 ya 1971. Urithi haukuguswa. Majirani wawili walizichungulia ripoti zile zile, kila mmoja akafanya nusu ambayo mwenzake aliiacha.

Kwa wakati wake, sheria ya 1971 ilikuwa na ujasiri. Ndoa ya Kikristo, ya Kiislamu, ya kimila na ya serikali zote ziliwekwa chini ya paa moja. Mke aliyeolewa alitamkiwa haki sawa na mume ya kumiliki mali, kuingia mkataba na kushtaki kwa jina lake. Kifungu cha 66 kilisema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, mila iseme isemavyo. Mume anayetaka kuongeza mke hakukatazwa, lakini mke aliyepo alipewa nafasi ya kuweka pingamizi, kwa mfano kwamba kipato cha mume hakitoshi na watoto wataumia, au kwamba huyo anayekuja ana sifa mbaya iliyoenea. Watu walioishi pamoja miaka miwili na kujulikana mtaani kama mume na mke walidhaniwa kuwa wanandoa mpaka ithibitike vinginevyo. Na mjane, kwa kifungu cha 68, alikuwa huru kuishi anakotaka na kuolewa na amtakaye au kutoolewa kabisa. Biashara ya kurithiwa na shemeji kwa lazima ikaisha, angalau kwenye karatasi.

Angalia hapo. Sheria ilimpa mjane uhuru wa mwili wake na ikanyamaza kuhusu nyumba anayolala.

Kasoro nyingine inajulikana zaidi: mvulana aliwekewa umri wa miaka 18 kuoa, msichana 15 kwa ridhaa ya mzazi, na mahakama ingeweza kuruhusu 14. Na sheria yote haivuki bahari. Zanzibar ina utaratibu wake, na ndoa za Waislamu huko ziko mikononi mwa kadhi.

Kupika ni mchango?

Kifungu kilichozua mabishano makubwa kuliko vyote ni cha 114. Kinasema mahakama, ikishatoa talaka au amri ya kutengana, inaweza kugawa mali ambazo wanandoa walizipata kwa juhudi zao za pamoja. Katika kugawa itaangalia desturi za jamii yao, mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni, mahitaji ya watoto. Na baada ya hayo yote itaelekea kwenye mgawo ulio sawa.

"Kazi" ni kazi gani? Kwa zaidi ya miaka kumi majaji walipishana. Kundi moja lilisema kazi ni ile iliyosaidia moja kwa moja kuipata mali: kubeba matofali, kuuza dukani, kulipa mkopo. Kupika na kulea ni wajibu wa mke, na kwa wajibu huo mume humlipa kwa kumlisha na kumvika. Kundi la pili lilisema mume hawezi kushinda kazini akikusanya fedha za kujenga kama hakuna mtu anayeangalia watoto na chungu.

Shauri lililomaliza ubishi liliitwa Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, na lilifika Mahakama ya Rufani mwaka 1983. Waislamu wawili, ndoa imevunjika, nyumba imenunuliwa na mume kwa fedha zake Dar es Salaam. Mahakama ya Mwanzo ilimwona mama yule kuwa ni mke tu, hakuchangia senti katika nyumba, na hakuwa na lake ndani yake. Mahakama Kuu ikakubaliana. Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake wakakataa hoja hiyo. Walisema sheria ya 1971 ilitungwa kuondoa dhuluma ambayo wanawake walikuwa wakiipata ndoa zikivunjika, na kwa hiyo "juhudi za pamoja" na "kazi" lazima zijumuishe kazi za nyumbani za mume na mke.

Kanuni hiyo hufundishwa katika kila darasa la sheria ya familia nchini. Kinachosemwa kwa sauti ndogo zaidi ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu katika nyumba ile. Mahakama iliona kuwa mume alishampa fedha za kuanzisha mradi wa familia, naye akazitapanya. Kwa hiyo fungu lake likahesabiwa limekwisha kuliwa. Binafsi naona hapo mahakama ilikuwa kali. Mume anayeanzisha biashara ikafa huitwa mwenye bahati mbaya, na sijaona hukumu inayomvua nyumba kwa sababu hiyo. Hata hivyo maelfu ya wanawake waliokuja baadaye wamesimama juu ya maneno yaliyotamkwa katika shauri ambalo mwenyewe aliondoka mikono mitupu.

Na wasidhani wanaosoma hapa kwamba Bi Hawa ilileta nusu kwa nusu. Haikuleta. Mahakama ya Rufani imerudia katika hukumu za miaka ya karibuni kwamba ukubwa wa mchango ni suala la ushahidi. Anayedai aonyeshe. Ndiyo maana mafungu hutofautiana sana kutoka shauri hadi shauri, na ndiyo maana mwanamke aliyekuwa akilipa mafundi kwa fedha taslimu bila risiti hujikuta pabaya kuliko mumewe mwenye karatasi za benki. Kazi za nyumbani zimekubaliwa kuwa mchango. Kuzipima bado ni jicho la hakimu. Kenya, iliyofika huku kwa njia ndefu zaidi, ikitumia ile sheria ya Kiingereza ya 1882 mpaka ilipotunga Sheria ya Mali za Ndoa ya 2013, imeishia mahali hapohapo. Katiba yao ya 2010 inasema wanandoa wana haki sawa wakati wa ndoa na inapovunjika, lakini Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilieleza kuwa usawa huo hauna maana ya nusu moja kwa moja kwa kila mtu. Katika shauri lenyewe, ajabu, ikauacha mgawo wa nusu kwa nusu usimame.

Kifo kinapogawa

Sasa rudi kwa mjane. Kifungu cha 114 hakimsaidii, kwa kuwa mamlaka yake huanza pale tu talaka au amri ya kutengana inapotolewa. Kifo humtoa katika Sheria ya Ndoa na kumtupa katika sheria za urithi, ambazo ni tatu.

Marehemu akiwa mtu wa mila ya ukoo wa baba, ni Tangazo Na. 436: mjane hana. Akiwa Mwislamu, na familia ikataka sheria ya dini, mjane anapata thumuni ikiwa marehemu ameacha watoto, robo kama hakuacha. Wakiwa wake wawili au zaidi wanagawana fungu hilo hilo. Binti anapata nusu ya anachopata kaka yake. Na kama marehemu alikuwa Mkristo au mtu aliyeishi nje ya mila, inaweza kutumika Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, iliyoletwa na Waingereza pamoja na rundo la sheria nyingine za Kihindi. Huyu mjane anapata theluthi kama kuna watoto, nusu kama hakuna watoto bali ndugu tu wa marehemu.

Yaani sheria iliyotungwa kwa ajili ya watu wa Bombay na Kolkata, kabla Tanganyika haijakuwepo hata kwenye ramani, ndiyo inayompa mjane wa Kitanzania fungu kubwa kuliko zote.

Nani huamua itumike ipi? Mahakama zimejenga vipimo viwili: mwenendo wa maisha ya marehemu, na nia yake. Alioa vipi? Aliishi wapi? Alirudi kijijini kwenye matambiko na vikao, au alikwenda kwa misiba tu? Katika shauri moja la 1969 marehemu alikuwa Mngoni aliyeishi na kufanya kazi Dar es Salaam, mkewe Mchaga. Mahakama ikaona ameshaacha maisha ya kimila, na sheria ya 1865 ikatumika. Lakini ni vipimo vya kulumbania. Mjane ataleta picha za harusi kanisani, shemeji ataleta stakabadhi ya mahari.

Kabla ya yote hayo huja kikao cha ukoo. Huko ndiko anakopendekezwa msimamizi wa mirathi, na muhtasari wa kikao hupelekwa mahakamani. Kisheria msimamizi si mrithi; kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa kwa wanaostahili na kurudisha hesabu. Mtaani watu wengi humwona kama mwenye mali mpya, na wasimamizi wengi hawakawii kujiona hivyo pia. Mjane anayedhani kikao ni shughuli ya msiba, akakaa kimya upande wa wanawake huku majina yakiandikwa, anaweza kuwa amepoteza shauri kabla halijafunguliwa.

Kisha kuna suala la mlango upi unabisha. Mahakama ya Mwanzo iko karibu, haina gharama kubwa na lugha yake ni Kiswahili. Ila mamlaka yake katika mirathi ni kwa mashauri ya mila na ya Kiislamu tu. Ukiipeleka mirathi pale, umekwisha kukubali kwamba marehemu alikuwa wa mojawapo. Kwa Mkristo wa mjini hilo linaweza kuwa na maana ya tofauti kati ya theluthi na sifuri, na familia nyingi huingia pale kwa sababu tu ndiko walikoelekezwa.

Shamba la Muleba na wajane wa Shinyanga

Katiba ya Tanzania iliingiziwa haki za binadamu mwaka 1984, na watu waliruhusiwa kuzidai mahakamani kuanzia 1988. Mwaka huo huo, mwezi Agosti, bibi mmoja wa Kihaya wilayani Muleba, Holaria Pastory, aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa wosia wa baba yake. Alimwuzia mtu wa nje ya ukoo kwa shilingi 300,000. Mpwa wake, Bernardo Ephraim, akaenda Mahakama ya Mwanzo kudai uuzaji ni batili: mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Akashinda. Mahakama ya Wilaya ikasema la, Katiba inamlinda bibi. Mpwa akakata rufaa Mahakama Kuu Mwanza, mbele ya Jaji James Mwalusanya.

Hukumu ya Februari 1990 bado inasomeka vizuri. Mwalusanya alisema mila inayomruhusu mwanamume kuuza na kumkataza mwanamke ni ubaguzi, inapingana na Katiba na mikataba ambayo Tanzania imeridhia, ukiwemo ule wa Umoja wa Mataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ulioridhiwa 1985. Lililo zuri zaidi ni jinsi alivyolimaliza. Hakuifuta ardhi ya ukoo. Kwa mila ya Wahaya, mwanamume akiuza bila ridhaa ya ukoo, jamaa wana haki ya kulikomboa shamba kwa kurudisha fedha. Jaji akasema basi na kwa mwanamke iwe hivyo hivyo: mpwa akitaka shamba, alipe 300,000 ndani ya miezi sita. Mila ilibaki na meno yake, ila ikauma pande zote mbili sawasawa.

Wapo waliodhani Tangazo Na. 436 limekufa siku ile. Halikufa. Wajane wawili kutoka Shinyanga, walioondolewa katika nyumba na mali baada ya waume zao kufariki, walifungua shauri la kikatiba wakiomba kanuni zenyewe zifutwe. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba kanuni zinabagua. Kisha ikakataa kuzifuta, kwa hoja kuwa mila haibadilishwi kwa amri ya mahakama, na ukigusa moja utalazimika kugusa za makabila yote zaidi ya 120. Kazi hiyo waachiwe wengine. Nimejaribu kuielewa hoja hii na imenishinda. Kinachoombwa kufutwa kilikuwa tangazo lenye namba na tarehe katika Gazeti la Serikali, na serikali iliyolitangaza inaweza kulitangua. Rufaa yao ilichukua miaka minne kusikilizwa, ikatupwa kwa kasoro ya tarehe katika nyaraka. Wakaenda kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba ule ulioridhiwa 1985, ambayo mwaka 2015, ikiwataja kwa herufi tu, E.S. na S.C., iliamua kwamba Tanzania imekiuka haki zao na inapaswa kuzirekebisha kanuni.

Hukumu inaweza kushinda na sheria isisogee. Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, alifungua shauri dhidi ya vifungu vya umri wa ndoa, akashinda Mahakama Kuu 2016. Mwanasheria Mkuu akakata rufaa, Mahakama ya Rufani ikaitupa Oktoba 2019. Serikali ilipewa mwaka mmoja kurekebisha. Mwaka ukaisha, kitabu cha sheria kikaendelea kusoma 15.

Mlango wa pembeni

Mahali ambapo mwanamke wa Tanzania Bara amepata zaidi bila kelele ni kwenye ardhi. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za 1999 zinasema mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki, kutumia na kuuza ardhi sawa na mwanamume, na mila ya kijiji inayomnyima haina nguvu. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, na wasiopungua watatu lazima wawe wanawake. Ukisoma sheria hizi kando ya Tangazo Na. 436 utajiuliza vinaishije katika nchi moja. Vinaishi kwa sababu sheria za 1999 zinazungumza juu ya kumiliki na Tangazo juu ya kurithi, na katika maisha ya kijijini njia kuu ya kumiliki ni kurithi.

Lakini sheria ya 1999 ina kitu ambacho wanandoa wenye kiwanja chenye hati wangefaa kukijua wakiwa bado wanaongea vizuri. Hati inaweza kubeba majina mawili kwa namna mbili. Kuna ya hisa, ambapo kila mmoja ana sehemu yake, na akifa sehemu hiyo inakwenda kwenye mirathi yake, yaani kwa kikao cha ukoo na msimamizi na vipimo vyote vile. Na kuna ya pamoja bila hisa, ambapo mmoja akifa haki yake inahamia kwa aliyebaki moja kwa moja, bila kupita kwenye mirathi. Mume na mke wasiposema lolote, sheria huwachukulia kuwa wamechagua ya hisa. Wakitaka ile nyingine, wamwambie afisa ardhi, na hati iandikwe hivyo.